Barnabé na Kadi Namba 214

Kakule Barnabé hajawahi kutazama mchezo wa besiboli hata siku moja. Ukimwuliza mshindi hupatikanaje, atakujibu kwa kirefu na kwa heshima, na yote atakayosema yatakuwa uongo. Lakini mwulize nani yuko kwenye namba 87 ya kadi za picha za wachezaji za mwaka huu. Atakutajia jina, timu, mji alikozaliwa na mkono anaotumia kutupia mpira, kisha ataongeza kwamba picha ile ikipelekwa ofisi ya pasipoti itarudishwa, kwa sababu sikio la kushoto limefichwa na kofia.

Hapo ndipo utakapojua kazi yake. Barnabé anapiga picha za pasipoti, anatoa fotokopi na anapiga laminesheni ya plastiki katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga Makindye, hatua chache kutoka sokoni. Ukuta mmoja ameupaka samawati kwa ofisi zinazotaka samawati, na nyuma ya mlango ametundika shuka jeupe kwa ofisi zinazotaka weupe. Alitoka Butembo miaka kumi na minne iliyopita pamoja na mkewe Kavugho, binti yao Reine akiwa mgongoni, na bahasha moja ya karatasi zao zote. Bahasha ilinyeshewa njiani. Walipofika Kampala muhuri wa cheti cha ndoa ulikuwa umegeuka doa la zambarau, na karani akawaambia wazi kwamba yeye hasajili madoa.

Miaka miwili walihangaika kupata karatasi nyingine, na katika miaka hiyo Barnabé akashika imani ambayo hakuna mchungaji angeweza kumtoa: karatasi isiyo na plastiki ni jani tu. Alipopata mtaji akanunua mashine, na tangu hapo hajaacha kuhubiri. Hati ya kuzaliwa, cheti cha shule, barua ya wakimbizi, kadi ya kliniki, yote yapite motoni. Mzee mmoja wa Kiganda alikuja kutoa fotokopi ya hati ya kiwanja akaondoka amelamineti barua ya mapenzi ya mwaka 1981, na alipofika nyumbani mkewe akaisoma vizuri kabisa, maana ilikuwa inang'aa, na haikuwa imeandikwa kwake. Barnabé alisikitika, lakini hakubadili mafundisho.

Kadi ya kwanza aliikuta ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Ilikuwa na mtu mwenye kofia, ameshika gongo, na uso wa mtu anayemsubiri mwizi nyuma ya ghala. Nyuma ya kadi kulikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, urefu, uzito, na jedwali la namba ndogo ndogo ambazo mpaka leo hajui zinahesabu nini. Barnabé aliisoma mara tatu, akamwita mkewe.

"Mama Reine, angalia huyu. Kila kitu yake iko. Hakuna ofisi itamurudisha huyu."

Kavugho akaangalia. "Ni nani?"

"Simujui."

"Basi tuombe Mungu asikujue pia," akasema Kavugho, akarudi jikoni kwenye maharage yake.

Barnabé akaandaa mashine ili aipige kadi laminesheni, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Bahati mbaya, au nzuri, wakati huohuo aliingia mteja aliyekuja kupigwa picha ya leseni, mtu mrefu wa Kinubi anayeuza vipuri vya pikipiki kule Mengo. Jina lake Jibril Kamis. Jibril aliona mkono wa Barnabé unaelekea kwenye mashine, akaudaka hewani kama anayemzuia mtoto asiguse jiko.

"Weeee! Usitie moto! Ukilamineti hiyo, umeiua!"

Jibril alikuwa amefanya kazi ya ulinzi miaka mitatu kwenye kambi ya Wamarekani huko Iraki, na alirudi na vitu viwili: maumivu ya mgongo, na boksi la kadi alizopewa na askari. Askari hao ndio waliomfundisha sheria. Kadi haikunjwi. Haishikwi na mkono wenye grisi, na ndiyo maana Jibril, ambaye mikono yake ni grisi tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, huzishika kwa glavu za kuoshea vyombo. Inakaa kwenye albamu yenye mifuko laini, tisa kwa ukurasa, ambamo inaingia na kutoka kama imealikwa. Plastiki ya moto ni haramu, maana haitoki tena.

Kwa hiyo Barnabé akaishi na dini mbili chini ya paa moja: ya wateja, yenye plastiki, na ya kadi, isiyo na plastiki. Mkewe alimcheka. "Mganga hajigangi," Kavugho alikuwa akisema. "Karatasi za watu unazifunika, zako zinalala uchi." Mara kadhaa Barnabé alianza kumweleza, lakini kila alipofungua kinywa kusema habari za kadi, Kavugho alikumbuka kitu jikoni.

Mtu asiyejua hudhani kadi hizo hutoka mara moja kwa mwaka, kama kalenda. Thubutu! Februari hutoka toleo la kwanza, kadi mia tatu na thelathini. Juni hutoka la pili. Oktoba hutoka la waliohama timu na waliosahauliwa. Katikati humo yanamiminika mengine: la kung'aa, la karatasi nene, la kuigiza kadi za enzi za babu zao, na lile la Krismasi, ambalo ni watu walewale wa Februari ila wamemwagiwa theluji ya kuchora. Mkusanyaji mwenye busara huchagua toleo moja akaling'ang'ania, na hayo mengine huyatazama kama mtu aliyekwisha kuoa anavyotazama harusi za wenzake.

Barnabé alichagua toleo la kwanza. Dada yake Huguette, aliyepelekwa Amerika na mpango wa wakimbizi na sasa anakata nyama kiwandani huko Iowa, humtumia pakiti kadhaa kila apatapo mtu anayekuja Kampala, zimesokomezwa ndani ya viatu. Pakiti haionyeshi kilichomo. Unafungua, unakuta watu kumi na wawili, na kumi kati yao unao tayari. Barnabé alifungua pakiti za mwaka huo kwa njia hiyo, akabadilishana marudio na Jibril kila Jumamosi, na kufikia Agosti alikuwa na kadi mia tatu ishirini na tisa.

Iliyokosekana ni namba 214. Usidhani ni nyota. Nyota alikuwa nao, mmoja alimpata mara nne. Namba 214 ni Dorsey Kettleman, mdakaji wa akiba, mtu wa kukaa benchi, masikio makubwa, ambaye jedwali lake nyuma ni fupi kuliko ya wote. Jibril alimwita Ketoman na alisema hata Amerika hakuna anayemtafuta. Na Jibril ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa nao wawili.

"Nipe mmoja," Barnabé alimwomba.

"Kale, sawa. Wewe toa hamsini na moja, mimi natoa Ketoman."

Namba 51 ilikuwa kadi ya mwaka wa kwanza wa kijana mmoja wa visiwani, Yohandry Peralvo, miaka ishirini, ambaye wajuzi wote kwenye simu walisema atakuja kuwa mfalme. Barnabé alikuwa na moja tu.

"Nikikupa hiyo nitakuwa na shimo ingine!"

"Hiyo shimo mpya iko yako," akasema Jibril. "Mimi naziba tu ile ya zamani."

Wakawa wakirudia maneno hayo kila Jumamosi, na hakuna aliyelegea. Wanaume wawili wazima wenye watoto.

Sasa sikia kilichomfika Agosti hiyo. Kavugho alikuwa na miadi kwenye ofisi ya wakimbizi, familia ihakikiwe upya. Alichukua bahasha ya kahawia kwenye droo, akapanga foleni tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika akatoa, kwa mikono miwili na kwa adabu zote, mtu mwenye ndevu nyekundu ameshika gongo. Ofisa akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Nnyabo, mama, huyu ndiye mume wako?"

"Hapana."

"Ni mtegemezi wako?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karatasi ya familia ilikuwa nyumbani, ndani ya bahasha nyingine ya kahawia, ikizuia kadi thelathini za marudio zisipinde.

Kavugho hakupiga kelele. Angepiga kelele Barnabé angejua la kufanya. Alirudi, akavua viatu, akasema, "Papa Reine, ikala," na Barnabé akaketi palepale kwenye stuli ya kupigia picha, mbele ya ukuta wa samawati, kama mtu anayeandaliwa kitambulisho cha gereza.

"Minakuambia leo, mbele ya Mungu. Hizi kadi za mwaka huu zikitimia zote kabla za mwaka kesho hazijatoka, zitakaa juu ya kabati na sitasema neno. Zisipotimia, zinaenda kwa Annick. Zote."

Annick ni mdogo wake Kavugho, ana shule ya chekechea kule Bukoto, na kwa muda mrefu alikuwa akizimezea mate kadi hizo. Zina namba, alisema, na ni ngumu kidogo. Watoto watajifunzia kuhesabu na kukata kwa mkasi.

"Kukata?" Barnabé akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mukasi. Na shemeji Jibril ndiye ataamua kama zimetimia. Ule hata plagi mbovu anamuambiaka muteja ni mbovu."

Hiyo ni kweli, na ndiyo maana Jibril hajatajirika.

Kuanzia hapo Barnabé alihesabu miezi kama mwanamke mjamzito. Huguette alituma pakiti Septemba: Kettleman hakuwemo. Novemba akatuma nyingine, na ndani yake nyota yule akatokea mara ya tano, anatabasamu kwa dharau. Desemba Huguette hakupata msafiri. Januari kampuni inayochapa kadi ikatangaza kwamba toleo jipya litatoka Jumatano ya pili ya Februari, na wakusanyaji ulimwenguni wakashangilia. Barnabé alisoma tangazo hilo kama anayesoma ilani ya kuhamishwa.

Kazi ikaanza kuharibika. Askari mmoja, Okidi, alikuja kupigwa picha ya kupandishwa cheo akapewa picha nne nzuri za kifua chake, kichwa hakuna. Mwanamke aliyeleta vyeti viwili vya mapacha akarudishiwa vimegandana mgongo kwa mgongo ndani ya plastiki moja. Na Jumapili moja mezani, Barnabé alipokuwa akiombea chakula, aliwaombea wagonjwa, wasafiri, ndugu waliobaki Butembo, kisha akasema, "Na umukumbuke Dorsey Kettleman popote alipo." Reine alicheka mpaka akatoka nje. Kavugho hakucheka. Alimwongezea mumewe samaki.

Jumamosi ya mwisho kabla ya toleo, Kavugho alimtuma mjini kununua karatasi za picha, ingawa karatasi zilikuwepo. Barnabé alikwenda bila kubisha. Mtu aliyeshindwa hana haja ya kubisha. Aliporudi alipitisha mkono juu ya mashine ya laminesheni akaona ina joto. Akadhani Reine ametengeneza kadi yake ya shule, akaenda kulala kidogo.

Kesho yake, baada ya ibada, Kavugho alipika fufu, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi waliolowekwa usiku kucha. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Jibril naye akaja, kanzu imepigwa pasi, kucha zimesuguliwa kwa petroli. Barnabé aliona boksi tupu limewekwa karibu na mlango, akajua ni la kupelekea kadi kwa Annick. Albamu ilikuwa mezani, katikati ya sahani, kama mgeni rasmi.

Kilichomuumiza zaidi ni Jibril. Jibril alikuwa anatabasamu. Alikula fufu anatabasamu, alinawa mikono anatabasamu, alimkonyeza hata Reine. Miaka saba ya urafiki, Barnabé akawaza, na mtu anakuja kula makayabu kwenye mazishi yangu akiwa amefurahi hivi. Alimchukia kwa dhati, kwa muda wa sahani moja na nusu.

"Shemeji," Kavugho akasema alipokwisha kuondoa vyombo. "Wewe uko muamuzi. Kadi ziko ngapi?"

"Mia tatu ishirini na tisa," akasema Jibril, meno yote nje.

"Na inapashwa kuwa ngapi?"

"Mia tatu thelathini."

"Papa Reine, uko na neno?"

Barnabé akatikisa kichwa.

Ndipo Kavugho akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka mbele ya mumewe. "Jumanne nilienda kwa shemeji pale Mengo," akasema. "Nilimuambia anipatie ule muntu wa masikio. Akakataa. Basi nikaikala."

"Alikaa juu ya tairi mlangoni tangu saa tatu mpaka adhuhuri," Jibril akadakia, anacheka. "Hasemi kitu! Ananiangalia tu. Wateja wakaanza kuniuliza, Jibril, huyu umemuoa lini? Banange, nikampa. Bila kubadilisha na kitu! Fungua, fungua."

Barnabé alimtazama mkewe. Mwanamke huyu huyu aliyechekwa na foleni nzima kwa sababu ya kadi zake. "Lakini ulisema..."

"Nilisema kwa hasira. Ningefanya nini, nikuangalie unakufa sababu ya muntu wa benchi?"

Barnabé akafungua leso.

Ilikuwa laminesheni safi kuliko zote alizowahi kuona. Hakuna kipovu hata kimoja. Ukingo umeachwa sawasawa pande zote nne, na pembe zimekatwa mviringo ili zisichome mfuko, jambo ambalo yeye mwenyewe husahau siku za wateja wengi. Ndani yake Dorsey Kettleman alikuwa aking'aa masikio yote mawili, kama amepakwa mafuta ya Jumapili.

"Niliingojea taa ya kijani," akasema Kavugho, na uso wake ulikuwa na fahari ya msichana aliyepasi mtihani. "Kama vile unasemaka."

Tabasamu la Jibril lilizimika. "Ya salaam," akasema. "Mama Reine, hii kadi ime..."

Barnabé akamkanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa akimwomboleza Kettleman, na papo hapo alimpenda mkewe kiasi cha kumwuma kifuani, na mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja. "Ni nzuri," akasema. "Mama Reine, ni nzuri sana. Aksanti." Akafungua albamu, ukurasa wa ishirini na nne, mfuko wa saba, akaanza kumwingiza Kettleman. Kettleman hakuingia. Akamwinamisha kidogo, hakuingia. Akapuliza mfuko ufunguke.

"Sukuma," akasema Kavugho.

"Ninasukuma."

"Inakataa sababu gani? Shemeji, inakataa sababu gani?"

Angemwuliza mtu mwingine yeyote Kampala nzima, angedanganywa vizuri na maisha yangeendelea. Jibril alitazama dari, akatazama sakafu, akamtazama Barnabé kwa macho ya kuomba radhi, na ukweli ukamtoka kama unavyomtoka siku zote.

"Mama Reine, hiyo iko na plastiki ya moto. Kwa sheria ya kadi, ukitia plastiki ya moto haitoki tena. Hiyo haihesabiwi. Hiyo imekufa."

Kavugho akamgeukia mumewe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote?"

"Nilianzaka kukuambia," akasema Barnabé. "Unakumbukaka maharage."

Kavugho akaichukua kadi ile, akaijaribu pembeni kwa ukucha, plastiki haikuachia. Anajua kazi, ameolewa na fundi. "Basi nimeiua mie," akasema, na machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia mbele ya karani wa madoa. "Nafuta ile neno yangu ya Agosti. Ziweke juu ya kabati hivyohivyo. Annick atanunua karatasi zake."

Barnabé alikuwa amepewa alichokitaka. Kadi zitakaa, hakuna mkasi, hakuna chekechea. Lakini aliutazama ule mfuko wa saba, mtupu, na akaona jinsi itakavyokuwa: kila atakapofungua albamu hiyo, mwaka huu na miaka mingine yote, mkewe atapita nyuma yake na kuona shimo alilolichimba yeye siku alipotaka kumfurahisha. Na Kettleman atakuwa kwenye droo fulani, peke yake, anang'aa. Jambo hilo lilimchoma kuliko mkasi wa Annick.

"Jibril," akasema. "Nikuulize kitu ya sheria. Kadi moja ikikufa kati ya zinazoishi, seti haikutimia?"

"Haikutimia. Zote sharti ziwe hali moja."

"Na kama zote zimekufa?"

Hakuna askari aliyewahi kumfundisha Jibril habari hiyo. Alifikiri, anasugua paji la uso, kwa uaminifu wote wa mtu anayeogopa kuhukumu vibaya. "Zote mia tatu thelathini? Zote ziko na plastiki?" Akaigeukia albamu. "Basi ziko hali moja. Basi... imetimia. Iko makaburi tu, lakini iko makaburi kamili."

"Umeamua?"

"Nimeamua," akasema Jibril, na hapo ndipo alipoona Barnabé anainuka. "Unaenda wapi? Barnabé. Unaenda wapi?"

Barnabé alikwenda kwenye mashine akaiwasha. Taa nyekundu ikawaka. Akachomoa kadi tisa za ukurasa wa kwanza, akazipanga ndani ya karatasi moja ya plastiki, tatu kwa tatu, akiacha nafasi ya kukata, na mikono yake haikuwa na haraka. Taa ikageuka kijani. Kadi namba moja mpaka namba tisa zikaingia.

"Papa Reine, hapana," akasema Kavugho.

"Leta mukasi."

Jibril alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Alimtaja Mungu, aliwataja askari wa Iraki kwa majina, alikumbusha kila Jumamosi waliyokaa hapo wakibadilishana. Ukurasa wa tatu alikimbilia barazani asione. Ukurasa wa nne alirudi, kwa sababu kutoona kulikuwa kubaya zaidi. Kavugho alikuwa amefuta macho, anakata pembe kwa mviringo, moja baada ya nyingine, na kila alipomaliza mtu alimtazama usoni kabla ya kumweka chini. Hakuwahi kuwatazama usoni kabla ya siku hiyo. "Huyu anafanana na mjomba wako," akasema kuhusu namba 33, na Barnabé akaangalia, akakubali.

Kwenye ukurasa wa sita Jibril akakamata mkono wa Barnabé, kama alivyoukamata ile siku ya kwanza.

"Hamsini na moja hapana. Barnabé, ndugu yangu. Hamsini na moja niachie mimi, nakupa chochote. Nakupa albamu yangu nzima."

"Nikikupa hiyo nitakuwa na shimo."

Jibril akamwachia, akatoka tena nje, na safari hii akafunga mlango. Kavugho akaweka mkasi chini.

"Ndiyo hiyo alikuwa anaitaka mwaka muzima?"

"Ndiyo hiyo."

"Iache basi. Moja tu. Sitaona mubaya."

Barnabé akaishika mwangani. Ilikuwa kadi nzuri; kijana amekaa wima, anatazama mbele, masikio yote mawili yanaonekana, ofisi yoyote ingemkubali. Aliipenda kuliko zote, asikudanganye mtu.

"Zote sharti zifanane na ile yako; haiwezi kukaa peke yake," akasema, akaipanga katikati ya wenzake wanane na kuisukuma ndani.

Mashine ikaimeza polepole. Kule barazani Jibril akapiga ukelele mmoja, na Kavugho akachukua mkasi, akasogea upande wa pili wa mashine kuipokea.